Dora Akunyili: Mwalimu wa Dawa Aliyewatetea Wagonjwa

MWANAMKE NA KAZI YAKE

Mwezi huu tunamtazama mama mmoja wa Nigeria, huko Afrika ya Magharibi. Alikuwa mfamasia, mwalimu wa chuo kikuu, mke wa daktari na mama wa watoto sita. Jina lake ni Profesa Dora Nkem Akunyili. Alifariki mwaka 2014, lakini kila mama anayempa mtoto wake kijiko cha dawa ya homa anayo sababu ya kumfahamu.

Mara nyingi tukizungumza habari za afya tunawakumbuka daktari na muuguzi. Mfamasia tunamsahau. Tunamwona nyuma ya dirisha dogo, anatupa pakiti, anatuambia "kutwa mara tatu", nasi tunaondoka. Lakini hebu fikiri, mama mwenzangu. Daktari anaweza kupima vizuri na kuandika vizuri, mama anaweza kukesha na mtoto na kumpa kila kidonge kwa saa yake. Kama ndani ya kidonge kile hamna dawa bali unga wa chaki, kazi yao wote imekuwa bure. Mfamasia ndiye mlinzi wa mlango huo. Na kila mfamasia anaye mwalimu aliyemfundisha kuulinda. Dora Akunyili alikuwa mwalimu wa namna hiyo.

Binti wa kijijini

Dora alizaliwa tarehe 14 Julai 1954 katika mji wa Makurdi. Asili ya wazazi wake ni Nanka, katika eneo ambalo siku hizi ni jimbo la Anambra, nchi ya Waigbo. Akiwa bado mtoto alipelekwa huko nyumbani kulelewa na ndugu, akasoma shule ya kijijini. Mwaka 1966 alimaliza shule ya msingi kwa alama za juu kabisa.

Mwaka uliofuata vita vya Biafra vilizuka, na viliendelea hadi Januari 1970. Watoto wengi wa Waigbo walikufa kwa njaa na maradhi, na masomo ya wengine yakakatika. Dora alikuwa msichana wa karibu miaka kumi na mitatu vita vilipoanza. Baadaye alisoma katika sekondari ya wasichana ya Queen of the Rosary huko Nsukka, akamaliza mwaka 1973, tena kwa daraja la kwanza. Ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, kusomea ufamasia. Shahada yake aliipata mwaka 1978.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika hospitali ya mafunzo ya chuo hicho, mjini Enugu. Alianza kama wafamasia wengi wanavyoanza, kwa kuhesabu vidonge, kusoma maandishi ya madaktari na kuwaeleza wagonjwa namna ya kutumia dawa. Mwaka 1982 alirudi chuoni kama mwalimu msaidizi, huku akiendelea na masomo ya juu. Mwaka 1985 alipata shahada ya udaktari wa falsafa. Akawa mhadhiri, mwaka 1990 akawa mhadhiri mwandamizi, na mwaka 2000 akafikia cheo cha uprofesa katika chuo cha tiba cha hapo Enugu. Haya yote aliyafanya akiwa mke na mama. Mume wake, Dakta Chike Akunyili, alikuwa daktari wa upasuaji.

Alichokifundisha

Somo lake lilikuwa farmakolojia, yaani elimu ya namna dawa inavyofanya kazi mwilini. Kwa nini kidonge hiki kinywewe baada ya chakula na kile kabla ya kula? Kwa nini mtoto wa kilo kumi hapewi kipimo cha mtu mzima kilichokatwa ovyo kwa kisu? Kwa nini dozi ya siku saba isikatishwe siku ya tatu homa inaposhuka? Mwanafunzi wa ufamasia hana budi kuyajua hayo kwa hakika, kwa maana akikosea tarakimu moja, anayelipa ni mgonjwa.

Dora alikuwa pia mchunguzi wa miti ya dawa ya Kiafrika. Hakuidharau dawa ya bibi zetu, wala hakuipokea kwa kusikia tu. Aliipeleka maabara akaipima. Mwaka 1991, yeye na wenzake wawili wa huko London walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya magome ya mti ambao hata sisi tunao, ule wenye matunda makubwa marefu yanayoning'inia kwa kamba, ambao wengine huuita mwegea na wengine mvungunya. Waliona kwamba maji ya magome hayo yanazuia baadhi ya vijidudu visiongezeke. Hiyo ndiyo tabia ya mwalimu wa dawa: hasemi "inasemekana inaponya", bali anauliza inazuia nini, kwa kiasi gani, na madhara yake ni yapi.

Msiba uliomgusa nyumbani

Mwaka 1988 mdogo wake Dora, msichana aitwaye Vivian, alifariki. Vivian alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Mgonjwa wa namna yake huhitaji sindano za insulini, kwa sababu mwili wake hauwezi kuitumia sukari bila insulini hiyo. Akiikosa, sukari hujaa katika damu, damu hugeuka kuwa na tindikali, mgonjwa hupoteza fahamu, na hatimaye hufa. Vivian alichomwa sindano, lakini kilichokuwamo ndani ya chupa hakikuwa insulini ya kweli. Ilikuwa bandia. Dora alilieleza jambo hilo hadharani mara nyingi katika maisha yake.

Tazama, ndugu msomaji. Dada yake ni mfamasia na mwalimu wa wafamasia, naye msichana anakufa kwa dawa bandia. Kama nyumba ya mtaalamu haikusalimika, je, nyumba ya mama asiyejua kusoma maandishi ya pakiti?

Miaka miwili baadaye, mwaka 1990, watoto zaidi ya 100 walikufa huko Nigeria, katika miji ya Ibadan na Jos, baada ya kunyweshwa dawa ya maji ya kutuliza homa. Dawa ile ilitengenezwa kwa kimiminika kiitwacho daithilini glaikoli. Ni kitu cha viwandani, kitamu mdomoni na kisicho na rangi, tena ni rahisi kuliko kimiminika salama kinachotakiwa kutumika. Kikiingia mwilini huharibu figo. Mtoto huacha kukojoa, hutapika, na baada ya siku chache hufa. Mama zao waliwapa dawa wakiamini wanawasaidia.

Pauni 12,000

Katika miaka ya tisini Dora alipewa kazi ya kusimamia miradi ya mfuko mmoja wa serikali katika majimbo matano ya kusini-mashariki. Mwaka 1998 aliugua, akapelekwa London kwa fedha za mfuko huo. Alipewa pauni 17,000: pauni 5,000 za uchunguzi na matibabu, na pauni 12,000 za upasuaji. Madaktari wa London walipompima waliona kwamba upasuaji hauhitajiki. Basi Dora alirudi nyumbani, na zile pauni 12,000 akazirudisha kwa wenyewe.

Wengi walishangaa. Nani angejua? Fedha zilikwisha kutolewa, na hesabu zake zimefungwa. Lakini habari hiyo ilienea, na ilimfikia Rais Olusegun Obasanjo alipokuwa akitafuta mtu asiyeweza kununuliwa wa kuongoza wakala wa taifa wa kusimamia vyakula na dawa, uitwao NAFDAC. Mwezi Aprili 2001 alimteua Dora Akunyili.

Hapa tujifunze jambo. Dora hakurudisha fedha ili apate cheo, kwa maana cheo hicho hakikuwapo mbele yake. Alirudisha kwa sababu hazikuwa zake. Watoto wetu wanatutazama tunapopewa chenji iliyozidi dukani. Wanajifunza uaminifu hapo, wala si siku ya kuhubiriwa juu yake.

Mwalimu aliyebadili darasa

Hali aliyoikuta ilikuwa mbaya sana. Mwaka huohuo wa 2001, jarida la tiba la Uingereza liitwalo Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika maduka 35 ya dawa katika miji ya Lagos na Abuja. Wachunguzi walinunua sampuli 581 wakazipima. Sampuli 279, yaani karibu nusu, hazikufikia kipimo kinachotakiwa. Si zote zilikuwa bandia za makusudi. Nyingine zilikuwa duni, zimetengenezwa vibaya au zimeharibika kwa joto na kukaa muda mrefu. Lakini kwa mgonjwa tofauti hiyo haina faida: dawa haimponyi.

Tena dawa yenye nguvu pungufu huleta hatari nyingine. Mtoto mwenye malaria akipewa dawa yenye robo tu ya nguvu inayotakiwa, homa huweza kupungua kidogo, mama akafurahi. Lakini vimelea vyenye nguvu hubaki damuni, na ndivyo vinavyozaana. Hivyo ugonjwa hujifunza kuishinda dawa, na hata dawa ya kweli huja kushindwa baadaye. Dawa bandia ya jirani inaweza kukuharibia wewe dawa yako ya halali.

Profesa Akunyili alikwenda kwenye chanzo. Dawa bandia nyingi zilikuwa zinatoka India na China, mara nyingi kwa kuagizwa na wafanyabiashara wa Nigeria wenyewe. Akatuma wakaguzi katika nchi hizo, akataka kila kiwanda kikaguliwe kabla dawa zake hazijaandikishwa, na viwanda vilivyodanganya akavipiga marufuku kuleta dawa Nigeria. Akaagiza dawa ziingie kwa bandari mbili za majini na viwanja viwili vya ndege tu, ili zisipenye kila mahali. Wakaguzi waliokuwa wakipokea rushwa waliondolewa. Shehena zilizokamatwa zilichomwa moto mbele ya watu.

Lakini silaha yake kubwa ilikuwa ileile ya darasani, yaani kufundisha. Redioni, katika televisheni na magazetini alitangaza majina ya dawa bandia na namna ya kuzitambua. Aliwafundisha akina mama watafute namba ya uandikishaji ya NAFDAC katika kila pakiti. Vikundi vya wanafunzi vilianzishwa katika shule za sekondari, ili kijana akifika nyumbani amwulize mama yake, "Mama, dawa hii umenunua wapi?" Na wala hakuishia kwenye dawa. Alipambana na waoka mikate waliokuwa wakitia potasiamu bromati, kemikali inayoumua mkate lakini inayoshukiwa kuleta saratani. Pia alisimamia chumvi iwe na madini joto na maji ya mifuko yawe safi.

Gharama ya kazi hiyo

Wauzaji wa dawa bandia ni watu wenye fedha nyingi. Kwanza walijaribu kumhonga, wakashindwa. Kisha vikaja vitisho. Tarehe 26 Desemba 2003, siku moja baada ya Krismasi, watu wenye bunduki walilishambulia gari lake akiwa safarini katika jimbo lake la Anambra. Risasi ilipenya kilemba alichojifunga kichwani, ikamkwaruza ngozi ya kichwa. Yeye alipona. Dereva wa basi lililokuwa karibu aliuawa. Mwaka 2004 majengo ya NAFDAC huko Lagos yalichomwa moto.

Tukumbuke kwamba soko kubwa la Onitsha, lililokuwa maarufu kwa dawa bandia, liko katika jimbo hilohilo la Anambra. Wafanyabiashara wengi wa soko lile walikuwa watu wa kabila lake, na pengine wengine walikuwa wanajuana na jamaa zake. Ni rahisi kumkemea mgeni. Kumkemea mtu wa kwenu ambaye mtakutana naye kwenye arusi na misiba ni jambo zito. Mwaka 2007 soko la dawa la Onitsha lilifungwa kwa amri ya wakala wake, na malori mengi ya dawa bandia yalitolewa humo.

Matunda yalionekana. Nchi jirani zilizokuwa zimekataa dawa zinazotengenezwa Nigeria zilianza kuzipokea tena, na viwanda vya humo nchini vilivyokuwa vikikandamizwa na bandia vilipata nafuu. Mwaka 2003 alitunukiwa tuzo ya uadilifu na shirika la Transparency International, linalopiga vita rushwa duniani.

Hata hivyo tusiseme kwamba alimaliza kila kitu. Yeye mwenyewe alilalamika kwamba sheria ilikuwa dhaifu, na mwuaji wa watoto aliweza kulipa faini ndogo akaenda zake. Mwishoni mwa mwaka 2008, wakati alipokuwa akiondoka NAFDAC kwenda kuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, dawa ya kutuliza watoto wanaoota meno ilionekana kuwa na ile sumu ya mwaka 1990. Watoto 84 walikufa. Mwaka 2022 msiba kama huo uliwapata watoto zaidi ya 60 huko Gambia, waliokunywa dawa za maji za kikohozi kutoka nje. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni duni au bandia. Vita hivi havijakwisha.

Dora alikuwa waziri hadi mwaka 2010. Mwezi Februari mwaka huo, rais wa nchi akiwa mgonjwa na mawaziri wengi wakinyamaza, yeye aliandika waraka katika baraza akitaka makamu wa rais akabidhiwe madaraka kama katiba inavyosema. Mwaka huohuo alitoa kitabu juu ya mapambano yake na dawa bandia. Alifariki tarehe 7 Juni 2014 katika hospitali moja nchini India, kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 59. Mume wake aliuawa na watu wenye silaha huko Anambra mwaka 2021.

Sisi tufanye nini?

Mama msomaji, wewe nami hatuwezi kufunga soko wala kukagua kiwanda. Lakini kila mmoja wetu ni mfamasia wa mwisho wa nyumba yake. Baada ya daktari na duka la dawa, mkono wa mwisho kuishika dawa kabla haijafika kinywani mwa mtoto ni wako. Basi tuyashike haya:

1. Nunua dawa katika duka lililosajiliwa, ambalo cheti chake kimetundikwa ukutani. Usinunue dawa kwenye basi, mnadani au kwa mchuuzi apitaye na begi. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

2. Tazama pakiti kabla ya kulipa. Je, imefunguliwa? Maandishi yana makosa ya herufi? Tarehe ya mwisho wa matumizi imepita au imefutwa? Namba ya toleo iliyo kwenye boksi ni ileile ya kwenye chupa? Kama huwezi kusoma, mwambie mtoto wako akusomee. Si aibu.

3. Dai risiti na uitunze pamoja na pakiti mpaka mgonjwa apone. Dawa ikileta shida, hivyo ndivyo vitakavyoonyesha ilikotoka.

4. Mpe mtoto dawa kwa kipimo kilichoandikwa, kwa kijiko chake cha dawa, na umalize dozi. Usimpe mtoto dawa iliyobaki ya jirani.

5. Mtoto aliyekunywa dawa ya maji akianza kutapika sana, kulegea, au akikaa muda mrefu bila kukojoa, mpeleke hospitali mara moja ukiwa na chupa ile mkononi.

6. Usinyamaze. Dawa ukiitilia shaka, mweleze mfamasia au mganga wa kituo, na umwombe aipeleke habari kwa wanaosimamia dawa katika nchi yako. Kwa Tanzania ni TMDA, na kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Ukinyamaza, chupa nyingine kama hiyo itauzwa kwa mama mwingine kesho.

Na kama una binti anayependa hesabu na sayansi, usimwambie masomo hayo ni ya wavulana. Dora alikuwa binti wa kijijini aliyesoma shule ya kijijini, tena vita vikapita katikati ya masomo yake. Wanafunzi aliowafundisha wamekuwa wafamasia, nao wanawafundisha wengine. Pengine msichana anayeosha vyombo jikoni kwako jioni hii ndiye atakayesimama kesho nyuma ya lile dirisha dogo, akikataa kumpa mtoto wa mwenzako dawa asiyoiamini.